Diwani, Mfereji na Jaa

Katika lugha yetu neno diwani limebeba mizigo mitatu. Ni kitabu kinachokusanya mashairi ya mshairi mmoja. Ni cheo cha wakubwa waliotawala baadhi ya miji ya Mrima na Vumba katika zama zilizopita. Na ni mtu tunayempigia kura ili atusemee katika baraza la manispaa. Wenye ilimu ya lugha husema kwamba neno hili asili yake ni Uajemi, likapitia kwa Waarabu, na huko lilikuwa daftari: kwanza daftari la hesabu za dola, kisha daftari la mashairi. Mimi ambaye miaka yangu mingi nimeimaliza juu ya diwani za aina ya kwanza, nikikiri kwamba sikusomeshwa kazi hii na chuo chochote, sikuzijali sana diwani za aina ya tatu mpaka jioni moja mgombea alipokuja barazani kwetu kuomba kura.

Alikuwa kijana mwenye adabu. Alituamkia mmoja mmoja, akaketi, akanywa kahawa yetu, kisha akaahidi mambo mawili. La kwanza, mfereji wa mtaa utatoa maji usiku na mchana. La pili, jaa lililoko mwisho wa uchochoro wetu litaondoka kabla ya siku mia kupita. Jirani yetu mmoja, bibi wa makamo ya kuheshimiwa, alikuwa kizingitini pake akisuka ukili. Akamuuliza bila ya kuinua macho: "Mwanangu, jaa utaliondoa. Utampelekea nani?" Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, akasema, "Litakwenda mbali, bibi." Bibi akasema, "Na huko mbali ni kwa nani?" Hakupata jibu. Mazungumzo yakahamia kwenye mpira.

Swali hilo lilinifuata nyumbani. Likanikumbusha mji ambao sijapata kuutia mguu, nami naujua kwa vitabu vya mitumba tu: Birmingham, Uingereza. Ni mji wa viwanda, haukuwa na bahari wala mto wa maana, lakini katika miaka ya 1870 wagombea wake wa udiwani walifanya jambo ambalo hadi leo wagombea wa miji mingi wanaliiga bila ya kujua wanamuiga nani. Walisimama mbele ya wapigakura, wakaomba kura kwa ajili ya maji, gesi na uchafu.

Kabla yao udiwani wa Birmingham haukuwa na heshima kubwa. Mji ulipata hadhi ya manispaa mwaka 1838, na katika miaka ya 1850 baraza lake lilishikwa na kundi lililoitwa la wabana matumizi. Kiongozi wao alikuwa Joseph Allday, na mkutano wao wa kweli haukuwa ukumbini bali katika kilabu cha pombe kilichoitwa Woodman. Sera yao ilikuwa nyepesi kuikariri: kodi ya mji iwe ndogo kabisa. Wapigakura wao aghalabu walikuwa wenye maduka madogo na nyumba ndogo za kupangisha, watu ambao kila senti ya kodi waliihisi mfukoni. Mwaka 1857 walimwondoa kazini mpimaji mkuu wa mji, kwa kuwa mitaro yake iligharimu fedha. Tusiwacheke upesi. Mtu anayeishi kwa kipato cha siku hukiona kile anachotozwa leo kabla ya kuyaona maradhi atakayoepushwa mwakani, na mgombea anayemwambia hutalipa huwa amesema lugha anayoielewa.

Walakini uchafu haungojei bajeti. Nyuma ya nyumba za wafanyakazi palikuwa na nyua za pamoja, na katika kila ua palikuwa na shimo la vinyesi na majivu, na aghalabu si mbali na shimo palikuwa na kisima. Mitaro iliyokuwapo ilimwaga kila kitu katika mto mdogo wa Tame. Mtoni, chini ya mji, palikaa bwana mmoja mwenye ardhi kubwa, Charles Adderley wa Hams Hall. Mwaka 1858 suala lake lilifika mahakamani. Manispaa ilijitetea kwamba wakaazi wake ni laki mbili na nusu, nao watadhurika mji ukizuiwa kumwaga maji machafu. Jaji akakataa kuipima haki ya mtu mmoja kwa wingi wa wanaomkosea, akaiamuru manispaa iache kuuchafua mto. Kwa miaka mingi baadaye Birmingham iliishi chini ya kivuli cha amri hiyo, huku ikihangaika na mashamba ya kumwagia maji machafu huko Saltley.

Nilipoisoma kesi hii mara ya kwanza nilifurahi kwa ajili ya mto. Nilipoisoma mara ya pili nikajiuliza juu ya maskini waliokuwa wakiteka maji ya Tame bila ya kuwa na jumba wala wakili. Hao hawamo katika kesi. Adderley alikuwa na uwezo wa kuliuliza lile swali la bibi mbele ya jaji. Wao hawakuwa nao.

Mabadiliko yalianzia mahali ambapo mtu wa siasa asingepatazamia: mimbarini. George Dawson, mhubiri aliyekuwa na kanisa lake mwenyewe, alikuwa akiwaambia matajiri wa mji kwamba kuuhudumia mji ni ibada. R. W. Dale, wa kanisa la Carr's Lane, akaifanya hoja hiyo iwe kali zaidi. Wafanyabiashara waliokuwa wakiona haya kuonekana na watu wa Woodman wakaanza kuomba udiwani. Miongoni mwao alikuwa Joseph Chamberlain, mzaliwa wa London, aliyekuja Birmingham mwaka 1854 akiwa kijana wa miaka 18 ili kusimamia mtaji wa baba yake katika kiwanda cha skrubu. Aliingia barazani mwaka 1869. Novemba 1873, baada ya chama chake cha Kiliberali kushinda uchaguzi wa manispaa, akawa meya.

Hapa pana mambo mawili ambayo msomaji wa visiwa hivi atapenda kuyajua. La kwanza ni kwamba kura ile ilikuwa ya siri, na siri hiyo ilikuwa bado changa: sheria yake ilipitishwa mwaka 1872. Kabla ya hapo mwenye nyumba aliweza kujua mpangaji wake amempa nani kura. La pili ni kwamba kwa sheria ya mwaka 1869 wajane na wanawake wasioolewa, waliokuwa wakilipa kodi ya mji kwa majina yao wenyewe, walipiga kura katika uchaguzi wa madiwani. Ubunge hawakuruhusiwa kuupigia kura, lakini mitaro waliruhusiwa. Kwetu Unguja uchaguzi wa kwanza wa aina yoyote ulifanyika Julai 1957, chini ya Waingereza hao hao, na wanawake hawakuwamo. Sijui niseme nini juu ya utawala unaomwamini mjane wa kwao mwaka 1869 na asimwamini mjane wa kwetu miaka 88 baadaye.

Chamberlain alianza na gesi, ile ya makaa ya mawe iliyowasha taa za barabara na za nyumba. Ilikuwa mikononi mwa kampuni mbili zilizochimba barabara zile zile na kulaza mabomba yao sambamba. Akaliambia baraza: tuzinunue zote mbili. Bei yake ilikaribia pauni milioni 2, fedha za kukopa, na kwa watu waliolelewa na siasa ya Woodman hicho kilikuwa kichaa. Lakini yeye alikuwa mtu wa skrubu, aliyazoea mahesabu. Baraza likakubali kwa kura nyingi mno, Bunge likapitisha sheria mwaka 1875, na faida ya mwaka wa kwanza ilifika pauni 34,000 baada ya riba kulipwa. Baadaye bei ya gesi ikapunguzwa.

Maji akayafanyia kinyume. Kampuni ya maji ilinunuliwa kwa pauni 1,350,000, na manispaa ikayakabidhiwa mwanzoni mwa 1876. Mtu angedhani kwamba aliyevuna katika gesi atataka kuvuna katika maji. Chamberlain alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba gesi ni biashara, na faida yake iende kwa mji mzima. Ama maji, kitakachozidi kirudi katika kupunguza bei, kwa kuwa afya ya mtu haitafutiwi faida. Visima vichafu vikafungwa kwa mamia. Mashimo ya nyuani nayo yakaanza kuondolewa, na mahali pake zikawekwa ndoo zilizobadilishwa na watumishi wa manispaa usiku. Mwaka 1877 ikaundwa bodi ya kusafisha maji machafu ya Birmingham na jirani zake waliokuwa wakitumia mito ya Tame na Rea, maana ilikwisha kudhihirika kwamba mto hautambui mpaka wa wadi.

Kwa wapenzi wa sanaa kuna kisa kidogo ninachokipenda kuliko vyote. Sheria ilibana kiasi cha kodi ambacho manispaa iliweza kutumia kwa maktaba na makumbusho, na madiwani walitaka jumba la picha. Basi kamati ya gesi ikajenga ofisi zake, na juu ya ofisi ikajenga ukumbi wa sanaa, likafunguliwa mwaka 1885. Pale mlangoni pameandikwa maneno ya kuwajulisha wageni kwamba sanaa hii inakuzwa kwa mapato ya kazi na viwanda. Nimewahi kuwaambia vijana wa ushairi wanaolalamika kwamba hatuna pa kuchapia: tafuteni urafiki na watu wa umeme.

Sasa tuvuke bahari. Miaka ile ile Unguja nayo ilikuwa na kiu ya aina hiyo. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliuangamiza mji wetu, na daktari James Christie, aliyekuwapo, alikiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1876, akaeleza visima vyetu na ufuo wetu kwa namna ambayo hadi leo inaona haya kusomwa kwa sauti. Sayyid Barghash alishika ufalme Oktoba 1870. Alikuwa amekaa uhamishoni Bombay, katika miaka ambayo mji ule ulikuwa ukianza kupata maji ya mabomba kutoka Vihar, na mwaka 1875, mwaka wa sheria ya gesi ya Birmingham, alizuru Uingereza. Akavuta maji ya chemchemi ya upande wa Bububu mpaka mjini, na mabaki ya mfereji wake wa mawe mpita njia huyaona hadi leo. Akajenga na hamamu ya watu wote, ile iliyoupa mtaa wa Hamamni jina lake.

Hakuna aliyempigia kura Barghash. Maji yale yalikuwa hisani ya mfalme. Hayakuwa na kodi wala kamati, na aliyeyakosa hakuwa na pa kushitaki isipokuwa kwa Mungu. Fedha zake zilitoka forodhani, na forodha ilineemeka kwa karafuu, na karafuu ziliangukia mikononi mwa watumwa. Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873, lakini mashambani utumwa uliendelea hadi ulipopigwa marufuku mwaka 1897. Aliyelipia maji ya mji, basi, hakuwa mkaazi wa mji.

Nimelitaja hili kwa sababu kuna tabia, nami nimepata kuwa nayo, ya kusema: wenzetu walipata maji kwa kura, sisi tulipata kwa hisani, ndiyo maana yao yakadumu. Maneno haya yana ukweli nusu. Birmingham mlipa kodi alikuwa na haki ya kuuliza hesabu, na haki hiyo ni kubwa. Lakini tazama nani walikuwa nje ya daftari la wapigakura.

Kwanza walikuwa maskini wa katikati ya mji. Kwa sheria ya makaazi ya mafundi ya mwaka 1875 baraza lilinunua mitaa michafu, likaibomoa, likapasua barabara pana yenye maduka mazuri, Corporation Street. Nyumba za wafanyakazi zilizoahidiwa hazikujengwa kwa idadi ya maana. Waliokuwa wakiishi mle walihamia mitaa mingine iliyojaa, wakaongeza msongamano huko. Mpangaji aliyehama hupoteza jina lake katika daftari la kura, kwa hiyo uchaguzi uliofuata haukusikia sauti yake.

Pili walikuwa watu wa nchi nyingine kabisa. Mji ulikua, visima na vijito vya jirani vikapungukiwa, na warithi wa Chamberlain barazani wakaelekeza macho Wales, kwenye bonde la mto Elan. Sheria ilipita mwaka 1892, mhandisi akawa James Mansergh, kazi ikaanza mwaka uliofuata, na tarehe 21 Julai 1904 Mfalme Edward wa Saba akaja kuyafungua maji. Yalisafiri maili 73 kwa mteremko wa ardhi tu, bila ya pampu kuyasukuma. Ni kazi ya kustaajabisha, na maji hayo yanaunywesha mji mpaka leo. Ili yapatikane, watu wapatao mia moja waliondolewa bondeni. Wenye ardhi walilipwa fidia. Wapangaji na vibarua hawakulipwa. Skuli, kanisa na kijumba cha ibada cha Wabaptisti vilimezwa, na wafu wa makaburini wakahamishwa. Manispaa ilijenga kanisa jipya juu ya ukingo. Hakuna mtu wa Elan aliyekuwa na kura Birmingham. Kwa mgombea wa Birmingham, Elan ilikuwa ndiyo ile "mbali".

Bonde hilo mimi nalijua kwa njia nyingine. Katika majumba mawili yaliyobomolewa ili maji yapande, Cwm Elan na Nantgwyllt, alikaa mshairi Shelley. Alifika Cwm Elan kwa jamaa zake mwaka 1811, kijana wa miaka 18 aliyefukuzwa Oxford, akarudi mwaka 1812 na mkewe Harriet, akajaribu kukodi Nantgwyllt na asiweze. Nimehangaika na mashairi yake kwa miaka, nikitafuta namna ya kuyapa vina vyetu bila ya kuyanyonga, na kwa muda mrefu sikujua kwamba nyumba aliyotamani kuishi iko chini ya maji ya kunywa. Yeye mwenyewe alizama baharini Italia mwaka 1822. Katika miaka ya ukame bwawa hupungua, na kuta za bustani ya Nantgwyllt hutokeza, watu wakaenda kuzitazama.

Ama Chamberlain, aliuacha umeya mwaka 1876 akaenda bungeni, na kuanzia 1895 akawa waziri wa makoloni. Desemba 1902 alipita Mombasa akapanda reli kuelekea bara, na mwaka uliofuata serikali yake ikaanza kuzungumza na viongozi wa Wayahudi wa Ulaya juu ya kuwapa makaazi katika ardhi hiyo hiyo aliyoipitia. Mtu aliyejenga jina kwa kuwauliza walipa kodi kila senti hakudhani kwamba wenyeji wa huko nao wafaa kuulizwa. Simlaumu zaidi ya wenzake wa zama zake. Nasema tu kwamba daftari alilokuwa nalo mkononi lilikuwa na ukurasa wa mwisho, na wengi wetu tuliandikwa nje ya jalada.

Historia haikumalizikia hapo. Gesi ilichukuliwa na dola mwaka 1949. Maji yalitolewa mikononi mwa manispaa mwaka 1974 yakapewa mamlaka ya mkoa wa mito, na mwaka 1989 yakauzwa kwa wenye hisa, biashara ile ile ambayo mji ulikopa pauni 1,350,000 kuikomesha. Kilichobaki mikononi mwa diwani wa Birmingham ni taka. Septemba 2023 baraza lilitangaza kwamba hesabu zake hazilingani. Januari 2025 wachukuzi wa taka walianza mgomo kwa mzozo wa vyeo na mishahara, ukawa mgomo kamili mwezi Machi, na ulipokwisha mwezi huo manispaa ilikadiria kwamba tani 17,000 zimelala mabarabarani, panya wakizunguka mchana. Nilipoziona picha niliwakumbuka wale wabeba ndoo wa usiku wa miaka ya 1870. Hotuba za meya zimehifadhiwa. Katika vitabu nilivyovipata wao hawana hata jina moja.

Kwetu pia mambo yamegeuka. Maji tuliyozoea kuyateka bila ya malipo yaliingia katika zama za ada baada ya sheria ya maji ya 2006 kuunda mamlaka ya ZAWA, na barazani kwetu tuligombana sana, wengine wakisema maji ni ya Mungu, wengine wakijibu kwamba bomba si la Mungu. Mimi nilikuwa upande wa pili, na bado niko. Anayelipa ana risiti, na mwenye risiti ana la kumwonyesha diwani. Lakini sipendi kusema hivyo mbele ya mwenye kuchagua baina ya ada na unga, na yule bibi aliniambia hivyo waziwazi.

Kijana alishinda uchaguzi. Mfereji ulitoa maji kwa muda, kisha ukarudi kwenye desturi yake ya usiku wa manane. Jaa ahadi yake aliitimiza, tena kabla ya siku mia: gari lilikuja asubuhi tatu mfululizo, uchochoro ukafagiwa, watoto wakachora mistari ya mchezo mahali pale. Baada ya wiki chache nilikwenda kumzuru rafiki yangu upande wa pili wa barabara kuu, wadi nyingine, nikalikuta nyuma ya skuli yao. Nililitambua kwa godoro la buluu la jirani yangu. Niliporudi nilimweleza bibi. Aliuvuta ukili wake, akauliza kama wale nao wana uchaguzi karibu.